Pamba imepanda: niweke hela kwenye jezi au nifungue banda umiza?

Kaka_Buzuruga
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada. Pamba Jiji imerudi Ligi Kuu baada ya miaka 23, na hapa Mwanza ukikaa kijiweni dakika tano lazima utasikia Lindanda, jina lao la utani. Nina hela kidogo nimeitenga, na nimebaki na mawazo mawili. Moja, nichukue jezi za Pamba niuze siku za mechi pale uwanja wa CCM Kirumba, siku za kawaida nizungushe mjini. Mbili, nifungue banda umiza nionyeshe mpira. Naona yote yanategemea timu itabaki au itashuka msimu huu wa 2024/25. Ipi ina unafuu?

Sato_Kavu
"Hela kidogo" ndiyo shilingi ngapi? Banda liko wapi? Jezi orijino au zile za kuagiza gunia? Umeandika kama mtu aliyeenda kwa mganga, hataki kusema anaumwa nini, anasubiri atajiwe.

Lindanda_Damu
Mkuu weka kwenye jezi, usipoteze muda. Safari hii si mchezo. Kocha ni Goran Kopunović, alishapita Simba akabeba Kombe la Mapinduzi 2015, msimu uliopita alikuwa Tabora United, kwa hiyo ligi yetu haji kuijifunza. Mbele kaletwa George Mpole. Mliomsahau niwakumbushe: mfungaji bora 2021/22 akiwa Geita Gold, mabao 17, alimpita Mayele wa Yanga kwa bao moja. Tunafungua na Prisons hapa hapa nyumbani. Tukimaliza chini ya nafasi ya nane nanyoa kipara na picha naleta humu.

Kishamapanda_1
Anza kutafuta wembe.

Mimi ni shabiki wa Toto African ya hapa Mwanza tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo haya maneno ya "safari hii" nayajua ladha yake. Hebu tuhesabu timu za Kanda ya Ziwa. Toto tulipanda 2015, tukashuka 2017. Mbao walipanda 2016, wakashuka 2020. Alliance walipanda 2018, wakashuka msimu ule ule na Mbao, mji ukabaki mtupu. Biashara ya Musoma, 2018 mpaka 2022. Geita walipanda 2021, msimu huo huo wakamaliza wa nne, wakacheza Kombe la Shirikisho Afrika, na leo Pamba anapanda wao wanashuka. Aliyekufa msimu wa kwanza ni Gwambina wa Misungwi peke yake.

Sasa umeona? Timu za huku hazishuki msimu wa kwanza. Msimu wa kwanza kuna shangwe, kuna harambee, kila mwenye cheo anataka kupiga picha na wachezaji. Wa pili au wa tatu ndipo mishahara inaanza kuchelewa. Pamba msimu huu atabaki. Mimi naogopa mwakani na mtondogoo.

Lindanda_Damu
Hizo nyingi zilimtegemea mtu, au shule, au mgodi. Hii ni ya halmashauri ya jiji. Jiji halifilisiki.

Kishamapanda_1
Halifilisiki lakini lina madarasa, mitaro na taka za Igoma. Siku mkurugenzi akihamishwa akaja asiyependa mpira?

Lindanda_Damu
Wivu wa Toto huo. Nyie mlikuwa tawi la Yanga tu.

Mzee_wa_Mwaloni
Vijana msitukanane. Mimi niliwaona Pamba ile ya Bodi ya Pamba. Nteze John, Hussein Masha, George Masatu. Mwaka 1990 walichukua Ligi ya Muungano, na Simba na Yanga wakija hapa walikuja kwa adabu. Tulikuwa tunatoka Mwaloni na harufu ya dagaa nguoni, tunaingia uwanjani hivyo hivyo, na asiye na kiingilio anapanda kwenye mawe. Lakini kijana, nikujibu ulilouliza: siku zile hapakuwa na aliyeuza jezi. Jezi ilikuwa ya mchezaji. Shabiki alivaa shati lake.

Sato_Kavu
Shkamoo mzee. Kwa hiyo ushauri wako auze mashati?

Mzee_wa_Mwaloni
Marahaba. Auze dagaa. Dagaa hawashuki daraja.

Jezi_na_Mtumba
Nimecheka lakini mzee kasema kweli. Ngoja nieleze yaliyonikuta, kaka wa Buzuruga uyasome mpaka mwisho.

Miaka hiyo kuna timu ya kanda hii ilipanda, jina naliacha. Mji ulikuwa na moto kama sasa. Nikachukua hela ya mauzo ya mtumba, nikampigia jamaa mmoja Dar, tukakubaliana vipande 120. Nikasisitiza: saizi kubwa zaidi, maana watu wa huku wana vifua. Mzigo ukaja na basi usiku. Nafungua gunia stendi kwa tochi ya simu: vipande 80 na kitu ni saizi ya S. Ile S ya kumbana hata mtoto wa darasa la saba. Nampigia, simu inaita. Mpaka leo inaita.

Basi, nikasema nitauza hivyo hivyo. Mechi mbili za mwanzo nikauza ishirini na kitu, nikaanza kujiona tajiri. Ikaja wiki ya Yanga kuja Kirumba. Nikajua hapa ndipo. Nikapanga zote kwenye kamba tangu saa mbili asubuhi, karibu na geti. Kushoto kwangu kuna dogo kaja na kiroba cha jezi za Yanga, kaziweka chini kwenye turubai, hata kamba hana. Saa nane mchana dogo kamaliza, anakunja turubai, ananiuliza, "Bro nikusaidie kushika?" Mimi nilikuwa nimeuza tatu. Tatu! Mmoja kati ya hao watatu alikuwa mjomba wangu, na hajalipa.

Na watu wa mji huo huo ndio wiki nzima walikuwa wanaimba redioni timu yetu, timu yetu. Siku ya Simba na Yanga mtu wa Mwanza anavua timu yetu anaiacha nyumbani. Sisemi kwa ubaya, hata mimi ni Simba. Halafu zile namba za mgongoni, zikifuliwa mara ya kwanza tu zikaanza kubanduka. Mteja akarudi na jezi yake mkononi, namba 10 imebaki sifuri. Zilizosalia niliwapa ndugu zangu kisiwani Kome, wakavua nazo. Ukiona mvuvi kavaa jezi fupi inaishia kitovuni, ujue ni mtaji wangu ule.

Sato_Kavu
Namba 10 imebaki sifuri 😂😂 Pole sana mkuu. Mjomba alilipa lakini?

Jezi_na_Mtumba
Alishafariki. Nimemsamehe.

Binti_Nyegezi
Poleni. Mimi nina banda huku Nyegezi, mwaka wa nne sasa, niseme upande wa pili maana naona wanaume mnashindana kwa historia.

Kaka, watu wanakosea wanapofikiri banda linaishi kwa timu ya nyumbani. Pamba akicheza Kirumba, wale wapenda mpira wako Kirumba, banda kwangu wanabaki watoto na wadaiwa. Akicheza ugenini ndiyo watakuja, lakini ikiwa ni katikati ya wiki saa 10 jioni nani katoka kazini? Banda linalishwa na Simba, Yanga, na Jumamosi na Jumapili za Uingereza. Na hapo kuna siri ambayo hamuisemi: Ligi Kuu yetu iko Azam, Uingereza iko DStv. Ni ving'amuzi viwili, na malipo mawili kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Ulizia pia kifurushi cha biashara, usije ukaweka cha nyumbani ukakutwa nacho. Kiingilio kwangu 500, mechi ya watani 1,000. Na jenereta usiache. Umeme ukikatika dakika ya 80 Simba na Yanga, hawatakudai 500 yao, watakudai benchi.

Kwa hiyo Pamba abaki, ashuke, banda langu halina habari naye. Uliuliza vibaya. Ulipaswa kuuliza una mtaa gani.

Na bado hujataja hela ni ngapi.

Nshomile_wa_Kashai
Nimepita tu kuwasalimu majirani. Kaitaba, uwanja wetu wa Bukoba, tunawasubiri, Kagera Sugar hatujasahau kufunga wageni.

Kaka_Buzuruga
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Asanteni sana, dada wa Nyegezi nimekuelewa. Nijibu: hela ni milioni mbili na laki mbili. Hapo ndani laki nane ni ya kikoba. Fremu ninayo Buzuruga, si mbali na stendi, nimelipa miezi mitatu. Jezi nilikuwa nafikiria zile za bei rahisi kwanza, nipime upepo, halafu nihamie orijino.

Binti_Nyegezi
Ya KIKOBA?

Jezi_na_Mtumba
Hii ndiyo ulitakiwa kuiandika mstari wa kwanza. Hela ya kikoba ina riba na ina kina mama wanaojua kwako. Na za bei rahisi usithubutu. Klabu siku hizi zina wenye haki ya kutengeneza jezi zao, wakifanya msako gunia zima linabebwa na wewe juu yake.

Sato_Kavu
Fremu ya futi ngapi? Kama ni zile za 10 kwa 10 hilo si banda, ni chumba cha mahojiano. Watu 15 na projekta mtakufa joto kabla ya mapumziko.

Kaka_Buzuruga
10 kwa 12.

Sato_Kavu
Nimekaa paleee.

Lindanda_Damu
Mnamvunja moyo bure. Mbao mmesahau? Msimu wao wa kwanza kabisa, 2017, waliwatoa Yanga nusu fainali ya FA hapa Kirumba, na siku ya mwisho ya ligi wakawafunga tena 1-0. Fainali Dodoma, Simba ilibidi wasubiri muda wa nyongeza, penalti ya Kichuya, 2-1. Ile timu ilikuwa ya vijana wasio na majina. Angeuza jezi wiki ile ya fainali, leo angekuwa na ghorofa Kiseke.

Kishamapanda_1
Wiki moja katika miaka minne. Ghorofa la wiki moja.

Halafu mimi hoja yangu nyingine ni kocha. Mbwana Makata kakupandisheni, huyo mtu kupandisha timu ndiyo kazi yake, alipandisha na Dodoma Jiji. Mmempa mkono wa kwaheri mkaleta Mzungu. Mechi tano bila ushindi, mtamfukuza na yeye.

Lindanda_Damu
Kupandisha na kubakisha ni kazi mbili tofauti. Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, unakimbia, Ligi Kuu unafikiri.

Kishamapanda_1
Mnakumbuka KenGold wa Chunya ndiye aliyekuwa bingwa wa Championship? Nyie mmeingia wa pili. Hata wa Chunya waliwapita.

Mzee_wa_Mwaloni
Kocha wa kwanza ni mshahara kufika tarehe yake. Wa pili ndiyo huyo mnayemgombania.

Kaka_Buzuruga
Wakuu leo nimefanya utafiti wangu. Nimetoka kazini nikapita Makoroboi, nikasimama kwa jamaa mmoja muuza jezi kama saa nzima, najifanya namsubiri mtu. Walikuja kuulizia watu 11. Yanga watano, Simba wanne, mmoja Arsenal. Wa 11 alikuwa mtoto wa kama miaka tisa na mama yake, kaomba ya Pamba. Jamaa hana saizi ya mtoto. Mtoto kagoma kuondoka, kaambiwa achague ya Simba, kakataa, kalia mpaka kona ya barabara.

Lindanda_Damu
Umeona! Soko lipo, mzigo haupo. Wewe ndiye wa kuuleta. Saizi za watoto!

Binti_Nyegezi
Mimi nimeona mmoja kwa kumi. Na hata huyo mmoja hana hela, ni ya mama yake.

Jezi_na_Mtumba
Ile S yangu ndiyo ingemtosha huyo mtoto. Dunia haina usawa.

Sato_Kavu
Kaulizie Kome, labda kuna mvuvi bado hajaimaliza.

Mzee_wa_Mwaloni
Mtoto wa miaka tisa analilia Pamba akaacha Simba? Huyo baba yake nani? Nataka nimpe mkono.

Nshomile_wa_Kashai
Mkija Kaitaba mje na meli. Basi mnafika mmechoka, mnafungwa mnasingizia barabara.

Lindanda_Damu
Kuna kundi linajipanga kwa ajili ya Bukoba. Wengine wanataka basi kupitia Busisi, wengine MV Victoria. Mimi niko na meli, unapanda usiku unalala, asubuhi uko Bukoba na nguo safi.

Kishamapanda_1
Meli ziwa likichafuka mtatapika mpaka wimbo wa klabu. Basi.

Sato_Kavu
Wewe ni Toto, unaenda Bukoba kufanya nini?

Kishamapanda_1
Kuangalia mpira. Kuna kosa?

Nshomile_wa_Kashai
Kama ratiba itawaangusha mwezi wa 11 mtakuta senene. Karibuni wote, hata wa Toto.

Kaka_Buzuruga
Wakuu turudi kwenye mada. Kikoba kinataka marejesho ya kwanza tarehe 5. Kuna anayeuza projekta iliyotumika?

Binti_Nyegezi
Ninayo moja, taa yake imeanza kuwa njano. Njoo Nyegezi uione ikiwaka kabla hujasema bei. Na hiyo laki nane usije nayo.

Mzee_wa_Mwaloni
Hiyo meli inaondoka saa ngapi?