Mjadala: Wanafunzi wa ubunifu wachote nakshi Bujora, au tuwafungie mlango?

Wadau wa Kanda ya Ziwa, hoja ni hii: wanafunzi wa ubunifu wa mavazi, samani na michoro hapa Mwanza waruhusiwe kuchota mawazo kwenye vitu vya Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kisha watengeneze bidhaa za kuuza? Wapo wanaosema vitu vya mababu havikuwekwa pale ili viishie kwenye fulana za soko la Makoroboi mjini. Wapo wanaosema ni urithi wa wote, hakuna wa kuombwa ruhusa.

Mimi nasema waingie, tena wengi. Ila wakae chini wachore kwa penseli na waulize maswali, si kupiga picha kwa simu na kuondoka.

Chukueni kigoda cha miguu mitatu. Ukikipiga picha unapata umbo na rangi, basi. Ukikaa ukakichora, unaanza kuona kwamba hakina kiungo, hakina msumari wala gundi. Chote kimetolewa kwenye gogo moja. Kwa nini miguu mitatu? Kwa sababu mitatu hutulia hata kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde, ambapo minne ingeyumba. Mwanafunzi aliyeelewa hilo hana haja ya kunakili kigoda, anaweza kubuni kiti chake, hata cha chuma. Na vikapu ni hivyo hivyo. Mfumaji huanzia katikati ya kitako na kuongeza kadiri duara linavyopanuka, ndiyo maana nakshi hutanuka ikipanda. Ukiihamishia kwenye kitambaa bila kujua hilo, unabaki na pembetatu zilizokufa.

Wenzetu walishalifanya hili zamani. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London yalianzishwa mwaka 1852, makusudi ili wabunifu na wenye viwanda wajifunze kwa kutazama vitu vilivyotengenezwa vizuri. William Morris, bingwa wa nakshi za vitambaa, ndiye aliyeyashauri mwaka 1893 yanunue zulia la Ardabil kutoka Uajemi. Hata kitenge tunachojivunia kilitokana na batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi. Sasa kijana wa Misungwi azuiwe kujifunza kwa kazi ya bibi yake?

Anayesema tutaibiwa, nampinga waziwazi. Louis Vuitton walipotoa nguo za miraba ya shuka za Wamasai mwaka 2012, hawakuhitaji kupita mlango wa makumbusho yoyote ya huku. Ukifunga Bujora unamzuia mwanafunzi wa Mwanza, wa Paris anaendelea na kazi yake.

Lakini hofu ya wazee naielewa, na katika jambo moja niko nao kabisa. Bujora si vikapu na vigoda tu. Zipo ngoma za watemi, vyombo vya waganga, na vifaa vya uchezaji vya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma ambavyo ushindani wao bado unawaka kila Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma. Vitu hivyo vina wenyewe. Kuchukua alama ya enzi ya mtemi ukaifanya nembo ya baa, bila hata kubisha hodi kwa ukoo wake, ni kukosa adabu, na kusema "nilikuwa nabuni" hakukusafishi. Vya matumizi ya nyumbani viwe huru kuchorwa. Vya enzi na uganga viwe kwa ruhusa ya wenyewe, wakikataa basi.

Panaponipa shida ni kwenye fedha. Mkoba wenye nakshi ya kikapu ukiuzika, nani apate fungu: makumbusho yanayokitunza kikapu, au mama wa kijijini ambaye hadi leo anafuma vya namna ile na kuviuza kwa bei ya kutupa? Mimi ningeanza na huyo mama, hata kwa kumlipa awafundishe wanafunzi siku nzima kabla hawajagusa penseli. Mwenye mawazo mengine alete, na aseme fungu hilo lingekusanywaje.