Milima na nyika kwa pikipiki ya cc 150: breki, nguvu na upepo

MpandaMilima: Habari wakuu. Njia ninayopenda ni kilomita 180 kwenda na kurudi, nusu kona za mlimani, nusu nyika tambarare. Pikipiki ni ya kabureta, diski mbele, drami nyuma. Kwenye mteremko mrefu leva ya breki ya mbele inazama hadi karibu na mshikio. Huko juu injini inakosa nguvu na plagi inatoka nyeusi. Nyikani, upepo wa ubavuni unanihamisha njia. Nianze na lipi?

FundiKlachi: Breki, mkuu, na usiende tena mpaka uishughulikie. Oili yake inachemka. DOT 4 (daraja la oili ya breki) ikiwa mpya huvumilia angalau 230°C bila kuchemka, ila hunyonya unyevu wa hewani. Ikifikisha maji asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachotakiwa ni 155°C tu. Ikichemka unabana mvuke, na mvuke hubanika, ndiyo maana leva inazama. Ikipoa leva inarudi na mtu anadhani imepona! Toa oili yote, usiongezee juu ya ile ya zamani, kisha toa hewa mpaka mapovu yaishe. Tumia chupa inayofunguliwa siku hiyohiyo na aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kitangi cha oili ya breki. Rudia kila miaka 2. Pima na unene wa pedi, maana pedi iliyoisha hupitisha joto haraka kwenye oili.

Kushuka nako kuna namna yake. Ingiza gia kabla mteremko haujaanza, ya 2 au ya 3, ile ambayo injini yenyewe inashikilia mwendo. Kamata breki kwa nguvu kwa muda mfupi, halafu achia kabisa ipoe. Kuigusagusa njia nzima ndiko kunakoipika. Usishuke pikipiki ikiwa nyutro.

Nyika150: Plagi nyeusi ni kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na kabureta halijui hilo, linamwaga petroli ileile. Nguvu hupungua kama asilimia 10 kila mita 1,000. Safisha kichujio cha hewa kwanza. Jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) usibadilishe kama unapanda na kushuka siku hiyohiyo: jeti ndogo ikifika chini itanyima injini petroli, ichemke.

Upepo ukitoka kulia, sukuma mshikio wa kulia mbele taratibu, pikipiki italalia upepo. Banisha tangi kwa magoti, viwiko vilegee. Ukikaza mikono, kila tikisiko la mwili linaingia kwenye usukani. Jihadhari unapopita lori, kwa kuwa upepo unakatika ghafla na pikipiki inaangukia upande uliokuwa umeilalisha. Mzigo weka chini, sanduku refu la nyuma ni tanga.

FundiKlachi: Nyongeza: kilomita nyingi za nyikani hula tairi katikati likawa bapa. Ukifika kwenye kona pikipiki inakataa kulala, halafu inaanguka ghafla ubavuni. Hapo dawa ni tairi jipya. Usipunguze upepo wa tairi. Na mandhari yatazame ukiwa umesimama baada ya kona, mahali wa nyuma wanakuona kwa mbali.

MpandaMilima: Shukrani, wakuu. Naanza na oili na pedi, jeti naiacha.