Tangazo linataka miaka miwili ya masafa marefu, hiyo miaka miwili mtu anaianzia wapi?

Mleta mada
Wadau naomba tulijadili hili bila matusi. Leseni ya magari makubwa ninayo, nina miezi kumi na moja naendesha tipa, sasa nataka kuhamia semi za safari ndefu, yale malori ya kichwa kinachovuta tela. Kila tangazo nikifungua ni "uzoefu usiopungua miaka miwili". Juzi nimeenda sehemu moja, jamaa wa ofisini akauliza safari ndefu umepiga muda gani, nikamwambia bado sijaanza, akanirudishia bahasha hata hajaifungua. Na pale nje vichwa vitatu vimepaki havina madereva, mlinzi ndo kaniambia. Hoja yangu ni moja tu, hicho kigezo cha miaka kifutwe, mtu apimwe kwenye gari. Anayepinga aje na sababu.

Mwenye gari nne
Mimi napinga na sababu ninayo. Unadhani hiyo miaka miwili nimeitunga mimi? Ni bima, kijana. Jina la dereva linaenda kwao kabla hajashika funguo, wanaweza kumkataa, au wakakubali ila ada inapanda na ajali ikitokea sehemu kubwa ya hasara unaibeba mwenyewe. Halafu fikiria, kichwa changu, tela langu na mzigo wa mtu mwingine viko kwa mtu mmoja ambaye simwoni siku nne. Tela ikijikunja kwenye utelezi nimwambie nini mwenye mzigo, kwamba kijana alikuwa na hamu ya kujifunza?

Dereva mzee
Nimekaa kwenye usukani miaka 26, na hiyo miaka mnayoililia wala haisemi kitu. Nimeshapanda na jamaa wa miaka minane anashuka mlima kwa breki ya mguu mwanzo mwisho mpaka tunanusa harufu, ngoma za breki zimechemka, anakanyaga na gari haisikii. Gia ya kushukia unaichagua kule juu kabla mteremko haujaanza, ukishakolea mwendo usitegemee kuipata. Miaka minane hakuna aliyemwambia!

Mimi nikipewa mtu nimpime hata simwambii washa. Namwacha aunge tela nakaa pembeni natazama miguu yake. Akisikia ile "kla" ya kufuli la kichwa akakimbilia kuunga mipira ya upepo wa breki, nimeshampunguzia alama. Nataka nimwone anainama na tochi anaangalia kama kufuli limekumbatia pini ya tela kweli, maana mlio unadanganya, halafu arudi kwenye kiti aweke gia ya chini avute kidogo breki za tela zikiwa zimefunga, aone kama linashika. Dakika tano tu hizo. Wapo wa miaka kumi hawafanyi, na siku moja tela linabaki nyuma kichwa kinaendelea na safari.

Mchangiaji
Kwa wanaodhani sheria imemaliza hili tatizo: Marekani tangu tarehe 7 Februari 2022 huruhusiwi kufanya mtihani wa leseni ya malori haya kwa mara ya kwanza bila kupita mafunzo kwa mtoa mafunzo aliyesajiliwa, lakini sheria yao ya shirikisho haitaji saa ngapi za kuendesha, inasema tu mpaka mwalimu aridhike. Umoja wa Ulaya mafunzo kamili ya awali ni saa 280, unaona nyingi eeh, ila saa ambazo mwanafunzi lazima aendeshe mwenyewe ni angalau 20. Ishirini! Kwahiyo cheti kinaonyesha umefundishwa, kuzoea barabara ni kitu kingine, ndo maana hao wa bima hawakiangalii sana.

Dada wa usukani
Naomba niseme lisilosemwa. Mimi nilipata kazi sina uzoefu kabisa, waliotaka kunichukua walikuwepo. Swali ni akina nani. Nilisainishwa mkataba kwamba wamenifundisha bure, nikiondoka kabla ya mwaka nalipa gharama zote, basi kila nikisema nimechoka naulizwa "unataka kuvunja mkataba?" Sheria za saa zipo, Ulaya ukiendesha saa nne na nusu lazima upumzike dakika 45, Marekani mwisho saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, ila sheria inamsaidia mwenye ubavu wa kusema hapana. Dereva mpya mwenye deni hana huo ubavu. Mleta mada hicho kigezo kikifutwa leo nina wasiwasi watakaofurahi wa kwanza ni waajiri wa aina hiyo. Usisaini kitu hujasoma ukurasa wa mwisho, deni linakaaga huko.

Mleta mada
Dada nimekuelewa, hilo sikuliwaza. Lakini sasa mnaniambia nifanyeje, nisubiri uzoefu uniote kichwani?

Dereva mzee
Tafuta gari inayoenda na madereva wawili, uanze kama wa pili. Utaendesha zile sehemu nyoofu, mchana, mwenzio yuko pembeni hajalala. Na andika kila safari, umetoka wapi umefika wapi, mzigo gani, tani ngapi, na mwenye gari asaini. Tipa nayo isidharauliwe, kubeba uzito umeshazoea, usichokijua ni tela.

Mwenye gari nne
Sawa mzee, tumpime hapahapa. Kijana, unarivasi semi, unataka nyuma ya tela iende kulia, usukani unaukata wapi?

Mleta mada
Kushoto mkuu, halafu likishaanza kuingia unaurudisha kulia ulifuate, la sivyo linakunja. Ila niseme ukweli, tela nimerivasi siku za mazoezi na siku ya mtihani, zaidi ya hapo sijagusa.

Mwenye gari nne
Ndo hapo sasa.

Dereva mzee
Hapo wapi? Kajibu, na kasema asichokijua bila kulazimishwa. Hao wako wa miaka miwili uliwahi kuwauliza hata hilo?

Mwenye gari nne
Sijawahi. Jumatatu nitawauliza bima kama dereva wa pili wanamkubali bila hiyo miaka. Siahidi kitu.