Mrejesho: kompyuta ya depo iliyokuwa inajifunga kila asubuhi

Jambo wote. Niliuliza hapa juu ya kompyuta ya hesabu ya depo yetu Kamalondo: nikiwa nyumbani Katuba naingia kwa mbali kwa Remote Desktop (njia ya Windows ya kutumia kompyuta ukiwa mahali pengine), inanijibu akaunti imefungwa, au kioo kinabaki cheusi.

Yaya aliyesema nifungue kumbukumbu za Windows na kutafuta namba 4625 (alama ya jaribio la kuingia lililoshindwa), aksanti sana. Zilijaa kurasa kwa kurasa, majina yakipokezana: ADMINISTRATOR, TEST, SCANNER. Wageni walikuwa wanabahatisha nywila kupitia mlango 3389 (porti ya Remote Desktop), Windows ikafunga akaunti kujilinda, na mimi mwenye mali nabaki nje!

Shauri la kubadilisha namba ya mlango nilianza nalo kwa sababu ni jepesi. Walitulia kidogo, kisha wakarudi. Kilichotibu ni WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri ya mtandao kati ya nyumbani na depo): nimefuta njia ya 3389 kwenye ruta, nimeacha mlango 51820 wa WireGuard peke yake, wa UDP (namna ya kutuma data bila kungoja jibu), na ukuta wa moto (firewall) wa Windows sasa unapokea tu anwani za ndani ya VPN. 4625 za wageni zimekwisha, akaunti haijafungwa tena.

Kioo cheusi kimepona nusu. Kuzima UDP ya Remote Desktop yenyewe (si ya WireGuard) upande wa laptopu yangu, kama mlivyosema, kumesaidia mchana; magharibi mtandao ukilemaa bado kinaganda, nakata na kuunga upya. Kuprinti kutoka nyumbani kumegoma kabisa, basi natuma PDF na mdogo wangu anaitoa palepale depo.