Elektivu ya upasuaji Marekani kabla ya kuhitimu: inasaidia kweli?

Uzi_Mweusi: Wakuu, habarini. Nipo mwaka wa nne wa udaktari, Dar, na nalenga residensi (mafunzo ya ubingwa) ya upasuaji Marekani. Niende elektivu, yaani mafunzo mafupi ya vitendo hospitalini, ya wiki nne nikiwa bado chuoni, au nisubiri nimalize? Na watu huwa wanakwama wapi?

Mkasi: Nenda kabla hujamaliza, mkuu. Ukishahitimu, hospitali nyingi zitakupa nafasi ya kutazama tu: humpimi mgonjwa, hunawi kusimama mezani thieta. Barua ya mapendekezo ya daktari aliyekuona umeegemea ukuta haina uzito, na barua ndiyo unayoifuata huko, hasa tangu Januari 2022 Step 1, mtihani wa leseni wa Marekani, ilipobaki kufaulu au kufeli bila alama.

Maombi mengi ya elektivu hupitia VSLO, mfumo wa AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani. Uliza ofisi ya mkuu wa kitivo kama chuo chako kimo; kama hakimo, tafuta vyuo vinavyopokea maombi moja kwa moja. Usiende kwa jina la hospitali. Angalia orodha ya waresidenti wao: kuna waliosoma nje? Wako kwenye nafasi za miaka mitano, au zile za awali za mwaka mmoja ambazo hazikuhakikishii kuendelea?

Raundi_Alfajiri: Wengi hukwama kwenye chanjo. Homa ya ini B ni dozi tatu, ya mwisho miezi sita baada ya ile ya kwanza, na mwezi mmoja au miwili baadaye unapima kinga damuni. Wanataka 10 mIU/mL au zaidi. Kadi peke yake mara nyingi haitoshi. Anza leo.

Kifua kikuu nacho: sisi tulichanjwa BCG, kile kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba bila ugonjwa wowote. Omba kipimo cha damu, IGRA.

Viza ni B-1. Barua ya mwaliko iseme wazi kuwa ni elektivu katika hospitali ya chuo cha udaktari, haina malipo, na ni sehemu ya masomo ya chuo chako. Ikikosa hayo, ofisa ubalozini hana cha kushika.

Uzi_Mweusi: Shukrani sana. Mwezi gani unafaa?

Mkasi: Juni hadi Agosti ya mwaka unaoomba. Programu huanza kusoma maombi ya residensi yanayotumwa kwa ERAS, mfumo wa mtandaoni, mwishoni mwa Septemba, na wapasuaji huchelewa kuandika. Omba barua wiki ya mwisho, ana kwa ana, ukiwa na CV mkononi. Uliza hivi: "Unaweza kuniandikia barua nzito?" Akisitasita, mshukuru, mwombe mwingine. Kila programu inapokea barua nne tu, usipoteze nafasi kwa barua baridi. Na unapoulizwa kama unaacha haki ya kuisoma, kubali. Barua uliyoweza kuiona haiaminiki.

Raundi_Alfajiri: Kabla hujapanda ndege, funga fundo la mikono miwili na la mkono mmoja mpaka uweze bila kuangalia, ukiwa umevaa glavu mbili. Glavu zikilowa uzi unateleza, na hapo ndipo wanapokuangalia.