Mwenzenu akifariki, bendi iendelee au ivunjwe?

MpigaGitaa: Wakuu hili swali linanisumbua. Mwaka 1980 bendi mbili kubwa za rock zilifiwa, Februari AC/DC wakampoteza mwimbaji wao Bon Scott kule London, Septemba Led Zeppelin wakampoteza mpiga drams John Bonham, wote kisa pombe. AC/DC wakamchukua Brian Johnson na Julai albamu mpya ikawa mtaani. Zeppelin Desemba wakatangaza basi, hawaendelei. Nani alimuenzi mwenzake vizuri?

Dada wa Unguja: Zeppelin kwa kweli. Mkono wa Bonham ulikuwa mzito halafu una mwendo wake, ukimweka mwingine hapo ni bendi nyingine kabisa. Ndo maana 2007 walivyopiga tena ukumbi wa O2 London kwenye drams alikaa mwanae Jason, nililia mimi jamani

Besi Nzito: Hapana dada, AC/DC hawakumsahau mtu wao!! Kava la albamu ile ya Julai, Back in Black, lote jeusi, ni msiba ule, na albamu inaanza na kengele inagongwa taratibu. Kuendelea kufanya kazi nako ni kuomboleza, mbona kwetu bendi za dansi zinafiwa na waimbaji na zinapanda jukwaani na wimbo wa maombolezo.

Kaka Ngoma: Angalieni Queen basi. Mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, kafariki Novemba 1991, wenzake Brian May na Roger Taylor wanapiga mpaka leo, ila John Deacon wa besi kaacha muziki kimya kimya tangu 1997. Msiba mmoja huohuo, na mimi siwezi kumlaumu yeyote