Vijana wa mwaloni hawaji mkutano wa kijiji, nianzie wapi?

Wakuu, salaam. Nipo Ukerewe, mwalimu mstaafu, somo langu lilikuwa Uraia. Mwenyekiti wa kijiji kaniomba niwape vijana wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia dagaa, elimu ya uraia, maana mkutanoni tunabaki wazee na kina mama. Jumamosi nikawaita shuleni saa nne asubuhi. Walikuja tisa, wanne wakasinzia. Nikiwa kwenye Ibara ya 5 ya Katiba, haki ya kupiga kura ukifikisha miaka 18, mmoja akaniuliza: "Mwalimu, mimi natokea Musoma, huu mwaka wa pili nipo hapa na ushuru nalipa. Nikisimama mkutanoni naambiwa rudi kwenu. Hiyo ibara inanisaidia nini?" Nikabaki na chaki mkononi. Nishaurini.

Nahodha_Mstaafu: Shikamoo mwalimu. Saa nne asubuhi? Hao wametoka ziwani alfajiri, wameshusha, wameanika, ndiyo kwanza wanatafuta pa kulala! Subiri mbalamwezi. Dagaa anafuata taa kukiwa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu na kucheza drafti. Wafuate hapo hapo mwaloni, jioni. Shuleni achana nako.

Mwanasheria_wa_Kijiweni: Huyo wa Musoma mwambie asiogope. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Hakuna panapouliza kaburi la babu yako liko wapi. Na wanaomwambia arudi kwao nao wanahitaji hilo somo, tena wao ndio waanze.

Kijana_wa_Mtaani: Uraia haujazi tumbo. Wapeni mitaji.

Mwanasheria_wa_Kijiweni: Mdogo wangu, mitaji ipo kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Sasa kikundi kinaombaje kama hata ofisi ya mtendaji wa kijiji hamuijui mlango?

Mama_Chanja: Shikamoo mwalimu, nipo Sengerema, naanika dagaa. Kwetu hawakuanza na Katiba, walianza na choo. Vijana walikuwa wanachangia choo cha mwalo, na mlango wake ulikuwa kipande cha turubai. Siku moja kijana mmoja wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, akapata karatasi ya mapato na matumizi, akapanda juu ya mtumbwi akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Alipofika "ukarabati wa mlango" watu wakaangua kicheko, kisha kimya. Mkutano uliofuata walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ndoo.

Mleta mada: Marahaba wanangu. Mbalamwezi hii nashuka mwaloni, chaki naiacha nyumbani. Leo nimepita kwa mtendaji kuomba taarifa ya robo mwaka ya mapato na matumizi, kaniambia nirudi Jumatatu.

Nahodha_Mstaafu: Jumatatu ipi, mwalimu?